Mchumba Wako Anataka Kuwa Kocha wa Kikapu. Utamsubiri?

*Kuwa na mpenzi mchezaji kuna raha yake: jezi, makofi, jina. Lakini kocha? Huyo watu humkumbuka siku timu inapofungwa. Kabla hujamwambia achague kati yako na kikapu, soma kwanza njia anayotaka kuipita.*

Tuseme uko Mpanda, pale Makanyagio au Kawajense. Mwenzio ni mwalimu, au bado yuko chuo anasomea ualimu. Kijana mtulivu, hana makundi, na nyumbani kwenu wameshaanza kumwita mkwe. Jioni moja mnatembea, anakufungulia moyo: ndoto yake ni siku moja awe kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Siyo Simba, siyo Yanga. Kikapu! Tena katika mji ambao ukitaja mpira tu, kila mtu anageuza shingo kuelekea Azimio.

Najua kilichokupitia kichwani. Kodi ya nyumba italipwa na kikapu? Watoto watakula ribaundi? Na wewe kaka usijifanye hayakuhusu, maana siku hizi wenye ndoto hii ni mabinti pia, na wapo wanaume wanaowaambia wachumba zao, "Chagua, mimi au mpira."

Sasa basi, tusibishane kwa hisia. Tuangalie watu walioipita njia hii kweli, walianzia wapi, walichukua miaka mingapi, na nyumba zao zilisimamaje. Halafu turudi Katavi tuone kama njia hiyo ipo au ni ndoto za mchana.

Mchezo ulioanzia darasani

Wengi wetu tunadhani ukocha ni kazi ya wachezaji waliostaafu. Kumbe mchezo wenyewe ulianzishwa na mwalimu. Desemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu wa mazoezi ya viungo James Naismith alikuwa na darasa la vijana watukutu. Nje baridi kali, ndani hakuna cha kuwafanya watulie. Akatundika vikapu viwili vya matunda ukutani, akaandika kanuni 13, akawapa mpira. Ndiyo maana hadi leo sisi tunauita mpira wa kikapu, na jina letu liko karibu sana na asili yake.

Naismith baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Kansas akawa kocha wa kwanza wa timu yao. Unajua rekodi yake? Alishinda mechi 55 akafungwa 60. Ndiye kocha pekee katika historia ya chuo hicho aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, yeye aliyeugundua mchezo! Lakini mmoja wa wanafunzi wake, Phog Allen, akarithi timu na kuwa mmoja wa makocha wakubwa wa zamani. Hapo ndipo ujue kocha anapimwa kwa nini. Wakati mwingine ushindi wake unavaa jina la mtu mwingine.

Alichimba makaburi kabla ya kushika filimbi

Kocha wa chuo aliyetugusa Watanzania kuliko wote anaitwa Jim Calhoun. Huyu ndiye aliyemfundisha Hasheem Thabeet pale Chuo Kikuu cha Connecticut. Wengi tulimwona kwenye televisheni akiwa mzee wa suti anayefoka pembeni ya uwanja. Alikotoka ni kwingine kabisa.

Alizaliwa mwaka 1942. Akiwa na miaka 15 baba yake akafariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akaacha mama na watoto kadhaa. Kijana alikuwa amepata nafasi ya kusoma chuo kwa udhamini wa kikapu, lakini miezi mitatu tu akaacha, akarudi nyumbani kusaidia familia. Akafanya kazi zile ambazo hata kwetu mtu huzificha akienda kuposa: kukata mawe, kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi, kiwanda cha shampuu, vyuma chakavu, na hata kuchimba makaburi. Alikaa hivyo karibu miezi 20 kabla ya kurudi chuo, safari hii katika mji uleule wa Springfield ulikozaliwa mchezo.

Alipomaliza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa darasa la sita katika mji mdogo wa Old Lyme, huku jioni akifundisha timu ya sekondari. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi moja akafungwa 17. Ndiyo, moja! Fikiria wewe ndiye mkewe unayemngoja jioni arudi nyumbani, mara ya 17. Ungesemaje?

Akahamia sekondari nyingine, kisha nyingine tena mji wa Dedham, na hapo ndipo timu ikaanza kueleweka. Mwaka 1972, akiwa na miaka 30, chuo cha Northeastern cha Boston kikamchukua. Hakikuwa chuo chenye jina kwenye kikapu. Akakaa miaka 14. Mwaka 1986 akaitwa Connecticut, na msimu wa kwanza huko akashinda mechi 9, akafungwa 19. Ubingwa wake wa kwanza wa taifa wa vyuo ulikuja mwaka 1999. Akaongeza wa 2004 na wa 2011.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka darasa la sita la Old Lyme mpaka ubingwa ni kama miaka 30. Wanaotaka mchumba atoboe ndani ya miaka mitatu wasome tena sentensi hiyo.

Muda wote huo alikuwa na mke mmoja, Pat, na watoto wao wawili wa kiume. Mtoto wa mwanaume aliyeuawa na moyo alipokuja kuwa na jina na pesa, alichangia tiba ya moyo, na hadi kituo cha moyo cha hospitali ya chuo chake kikaitwa kwa majina yao wawili. La mke limetangulia: kituo cha Pat na Jim Calhoun. Wanaume, mmesoma hapo?

Hasheem na kocha wake

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Kwa mchezo huu hiyo ni kuchelewa. Alipofika Connecticut mwaka 2006 alikuwa na urefu wa sentimita 221 na mengi ya kujifunza. Miaka mitatu baadaye timu yao ikafika nusu fainali ya vyuo Marekani, na Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika usajili wa NBA, mbele ya James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Bongo nzima ilikesha.

Urefu alipewa na Mungu. Lakini kumchukua kijana aliyeanza kwa kuchelewa ukamfanya mlinzi bora wa vyuo vya Marekani ndani ya miaka mitatu, hiyo ni kazi ya benchi la ufundi: mazoezi ya alfajiri, kurudia jambo moja mara mia, kumgombeza bila kumvunja moyo.

Halafu linganisha umri wa kazi hizi mbili. Mechi ya mwisho ya Thabeet katika NBA ilikuwa mwaka 2014, miaka mitano tu tangu aingie. Kocha wake alistaafu Connecticut mwaka 2012, akapumzika, akachoka kupumzika, na mwaka 2018 akaanzisha timu mpya kabisa katika chuo kidogo cha Saint Joseph. Alitundika filimbi Novemba 2021 akiwa na miaka 79. Mchezaji anaishi na magoti yake. Kocha anaishi na kichwa chake, na kichwa kinadumu.

Tusimpambe kupita kiasi, maana gazeti hili halipaki watu rangi. Msimu wa 2011/12 alifungiwa mechi tatu kwa sababu ya makosa ya kamati yake katika kusajili mchezaji. Na mwaka 2013 timu ya Connecticut ilizuiwa kucheza mashindano ya taifa kwa sababu maendeleo ya masomo ya wachezaji wake katika miaka ya nyuma yalikuwa duni. Yaani timu iliyokuwa bingwa miaka miwili kabla, inakaa nje kwa ajili ya madaftari! Kocha wa chuo akisahau kwamba yeye ni mwalimu, kuna siku atakumbushwa mbele ya watu.

John Thompson wa Chuo Kikuu cha Georgetown, kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa vyuo Marekani mwaka 1984, aliweka ofisini kwake mpira usio na upepo. Kila mchezaji aliyeingia aliuona. Maana yake ilikuwa wazi: siku upepo ukiisha, utabaki na nini? Alimwajiri Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa, kazi yake kufuatilia masomo ya wachezaji, na mama huyo alikaa naye hadi kwenye benchi la timu. Dikembe Mutombo, Mkongo aliyefariki Septemba 2024, alipitia mikononi mwao, akaondoka mwaka 1991 na shahada yake kamili.

Binti wa shamba la tumbaku

Sasa dada zangu, huyu ni wenu. Pat Summitt alikulia kwenye shamba huko Tennessee, akikata majani ya ng'ombe na kupalilia tumbaku pamoja na kaka zake. Watu wa Katumba, Mishamo na Mpanda yote inayolima tumbaku mnajua kazi hiyo inavyokula mgongo. Shule ya karibu haikuwa na timu ya kikapu ya wasichana, basi familia ikahamia wilaya nyingine ili binti apate kucheza. Baba wa shamba, mkali, amehama kwa sababu ya mpira wa binti yake. Wangapi wetu tungefanya hivyo?

Mwaka 1974, akiwa na miaka 22, akakabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Mshahara dola 250 kwa mwezi. Baadhi ya wachezaji walikuwa karibu rika lake. Aliendesha gari la timu mwenyewe na kufua jezi mwenyewe. Akakaa misimu 38, akashinda mechi 1,098 na ubingwa wa taifa mara nane. Na jambo ambalo kila mzazi angependa kulisikia: kila mchezaji aliyemaliza muda wake wote wa kucheza kwake alimaliza na masomo.

Nyumbani je? Aliolewa mwaka 1980. Mtoto wake wa pekee, Tyler, alizaliwa mwaka 1990, na uchungu ulimshika akiwa safarini kwenda kumshawishi binti mmoja ajiunge na timu. Ndoa haikufika mwisho. Mwaka 2007 alifungua shauri la talaka. Miaka minne baadaye akatangaza kuwa ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akafundisha msimu mmoja zaidi, na mwaka 2016 akafariki akiwa na miaka 64.

Sisemi kikapu ndicho kilichovunja ndoa ile. Ya ndani wanajua wenyewe. Ila kazi hii ina safari, usiku mrefu, na watoto wa watu 12 au 15 ambao shida zao zinakuja nyumbani kwako na miguu yao. Calhoun alifika na mke wake mpaka mwisho, Summitt hakufika na mume wake. Wote wawili walikuwa na vipaji. Kipaji peke yake hakitunzi nyumba.

Turudi Katavi: njia ipo?

Njia ipo, ila haina lami yote.

Ngazi ya kwanza ni shule. UMISHUMTA ni michezo ya shule za msingi, UMISSETA ya sekondari, na kikapu kimo kwenye UMISSETA. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliwahi kuyasimamisha mashindano haya, na waliokuwa shuleni wakati huo wanajua pengo lililobaki. Yaliporudi, mtoto wa Mpanda bado alikuwa chini ya Mkoa wa Rukwa, na kuitwa timu ya mkoa kulimaanisha kugombea nafasi na Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa kamili, makao makuu Mpanda. Watu huzungumzia ofisi na barabara, wanasahau hili: mkoa mpya maana yake ni timu mpya ya mkoa, na timu mpya inahitaji kocha. Mwalimu kijana anayejua kikapu katika mkoa wenye walimu wachache wa kikapu haishi kwenye foleni ndefu kama ya Dar.

Ngazi ya pili ni chuo. Wapo walimu tarajali kutoka Katavi wanaosomea vyuo vya ualimu kama Sumbawanga na Tabora, na vyuo hivyo vina mashindano yao, UMISAVUTA. Hapa ndipo kijana anaweza kuanza ukocha akiwa bado mwanafunzi: kusaidia kupanga mazoezi, kuandika alama, kuchezesha. Kocha mzuri alianza kwa kubeba mipira.

Ngazi ya tatu ni taaluma. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, Mwanza, kinachofundisha mambo ya michezo na ukocha. Ile reli iliyojengwa enzi za Mwingereza kufuata madini ya risasi ya Mpanda, inayopitia Kaliua hadi Tabora, inaungana pale Tabora na reli ya Mwanza, na Malya ni stesheni kwenye njia hiyo. Yaani kwenye ramani, Mpanda na Malya wameunganishwa na chuma kimoja. Kwa anayetaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Ngazi ya nne ni leseni. Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, TBF, ndilo linalosimamia mchezo nchini, na kozi za ukocha huandaliwa kwa kushirikiana na shirikisho la dunia, FIBA. Mwenye cheti cha ualimu na cheti cha ukocha pamoja ana silaha mbili. Akikosa timu, ana darasa. Na darasa lenyewe lina timu.

Baada ya hapo ndipo vyuo vikuu, ambako michezo yao husimamiwa na TUSA. Usidhani hilo ni jambo la mbali sana na Katavi: Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe. Penye wanafunzi pana vijana warefu wanaotafuta cha kufanya jioni.

Na kwa binti anayeambiwa timu ya wanaume haifundishwi na mwanamke, mpe jina hili: Liz Mills, Mwaustralia aliyeinoa timu ya taifa ya wanaume ya Kenya. Mwaka 2021 Kenya ilirudi kwenye michuano ya Afrika baada ya miaka 28, ikiwa imeifunga Angola njiani, na Mills akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye michuano hiyo. Wachezaji wanataka kocha anayejua. Mengine ni maneno ya kijiweni.

Kwa nini Katavi inamhitaji

Hapa naomba tuache utani kidogo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa Katavi iliongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: wasichana 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Nyuma ya tarakimu hizo kuna dada zetu waliokuwa darasani mwezi uliotangulia.

Kikapu hakizuii mimba, tusidanganyane. Lakini binti aliye mazoezini saa kumi jioni ana mahali pa kuwa, ana wenzake wanaouliza asipofika, na ana mtu mzima anayejua jina lake. Anayo sababu ya kutaka muhula ujao ufike. Kocha mwenye akili akiona mchezaji amekosa mazoezi siku tatu, anakwenda kuuliza nyumbani. Mara nyingine swali hilo moja ndilo linalomrudisha mtoto shule kabla hajaozeshwa. Na tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliojifungua warudi shuleni, kocha anaweza pia kuwa mtu wa kwanza kusema, "Njoo, nafasi yako ipo."

Upande wa pili wa shilingi tuuseme waziwazi. Imani hiyo ndiyo wengine huitumia vibaya. Kocha anayemwita binti mazoezi ya peke yake usiku, anayempa zawadi za siri, anayemtumia ujumbe wa mapenzi, huyo hana ndoto ya ukocha, ana tamaa. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mzazi, una haki ya kujua ratiba ya mazoezi, kufika uwanjani na kukaa. Kocha safi atakupa kiti.

Haya, na pesa?

Mwaka 2009 Jim Calhoun alikuwa akilipwa takriban dola milioni 1.6 kwa mwaka, mtumishi wa jimbo aliyelipwa kuliko wote. Usimwonyeshe mchumba wako tarakimu hiyo, utamchanganya. Kule mechi za vyuo huuzwa kwa televisheni. Kwetu, anayefundisha timu ya shule au chuo kwa kawaida anaishi kwa mshahara wake wa ualimu au utumishi, na ukocha unamletea posho ya safari, jina, na marafiki.

Kwa hiyo ushauri wetu ni wa kizamani: asiache kazi. Ukocha ukue juu ya mgongo wa ualimu, siyo mahali pake. Shamba la mahindi au mpunga likiwepo, liendelee. Duka la dada likiwepo, liendelee. Ndoto inayokula chakula chako yote, siku moja itakula na upendo.

Maswali sita kabla ya kusema ndiyo

Kaeni chini, simu zizimwe, muulizane haya.

1. Je, anapenda kufundisha au anapenda kuonekana? Mwangalie akiwa na watoto wasiojua kudaka mpira. Akiwa na subira nao, atakuwa nayo hata kwako.

2. Ana cheti gani mkononi? Ndoto bila cheti ni hadithi ya kijiweni. Akitaka kwenda Malya au kozi ya TBF, mpange pamoja nani atalipa nini na nyumba itaendeshwaje akiwa hayupo.

3. Akifungwa, hasira anaipeleka wapi? Mtu anayepiga teke ndoo leo kwa sababu ya mechi, ujue ndoo haitakuwepo kila siku.

4. Siku gani ya wiki ni yenu? Siyo ya timu, siyo ya ukoo. Yenu. Iandikwe kama ratiba ya ligi.

5. Wachezaji wa jinsia nyingine atawalea kwa mipaka gani? Mazoezi ya wazi, safari zenye mlezi wa kike kwa timu ya wasichana, simu za kikazi. Mwenye nia njema haoni hayo kuwa ni wivu.

6. Wewe mwenyewe ndoto yako ni ipi? Hili husahaulika. Kama unamsubiri yeye miaka 10, naye yuko tayari kukusubiri wewe miaka miwili ukasome uuguzi?

Akikujibu vizuri matano kati ya sita, dada, shika mkono. Akikujibu mawili, mpe muda. Akikujibu, "Mambo ya mpira huyajui wewe," basi umeshajibiwa.

Jioni moja nenda naye mazoezini. Usikae mbali kwenye kivuli unachati. Simama pale pembeni ya ile sakafu ya saruji, au hata kwenye udongo kama ndio uwanja uliopo. Angalia watoto wanavyomwangalia anapoongea. Ukiona kuna mtoto aliyekuja ameinamisha kichwa, na saa moja baadaye anaondoka ameinua, ujue mwenzio ana kazi. Haijaanza kulipa tu.